Muhogo huanuliwa mapema. Na watoto je?

Jua linapochomoza katika Sikuda, wilaya ya Busia upande wa Uganda, kazi mojawapo ya mwanzo ya mama wa nyumba, baada ya kuwasha moto na kufagia uwanja, ni kuanika. Muhogo uliomenywa na kukatwa vipande hutandazwa juu ya jamvi au juu ya mwamba mtupu, na pembeni yake huanikwa wimbi na mtama. Chakula cha jamaa nzima hulala pale juani, kwani unga wa ugali wa huko hutokana na nafaka hizo zikichanganywa na muhogo. Inapokaribia saa nane mchana, mama huyo huinua macho. Hutazama upande wa ziwa, kisha upande wa mlima. Akiona wingu jeupe limeanza kuvimba juu na kuwa jeusi chini, hahitaji kuuliza mtu. Humwita aliye karibu, na kabla tone la kwanza halijaanguka muhogo umekwisha kuanuliwa na kuingizwa ndani.

Hiyo ni elimu kubwa, ingawa haikuandikwa katika kitabu chochote. Mama huijua saa ya mvua kama vile karani ajuavyo saa ya kufunga ofisi. Lakini yafaa kuuliza swali moja: katika saa hiyo hiyo ambayo muhogo unaokolewa, watoto wako wapi? Siku nyingi wako uwanjani wanacheza mpira, au wako njiani wakitoka shule, au wako malishoni na ng'ombe. Nafaka imepata ulinzi ambao watoto hawakuupata.

Swali hilo si dogo. Sehemu hiyo ya mpakani, kati ya miji ya Busia na Tororo, ni miongoni mwa sehemu zenye hewa njema ya kuishi katika Afrika Mashariki. Papo hapo ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi mno duniani. Atakaye kufaidi wema wa hewa hiyo hana budi kuijua hatari yake.

NCHI YENYEWE

Sikuda ni sehemu ya mashamba na vijiji, na soko lake kubwa ni mji wa Busia, ambao kipande chake kimoja kiko Uganda na kipande kingine kiko Kenya. Kaskazini yake uko mji wa Tororo, ambao ni mji wa reli, wa saruji na wa jabali kubwa. Wilaya ya Busia yenyewe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo mpaka ilipotengwa mwaka 1997. Wakazi wa eneo hilo ni Wateso, Wasamia, Wagwe na Wajopadhola, na jamaa zao wametawanyika pande zote mbili za mpaka. Arusi ya upande huu huwa na wageni wa upande ule, na msiba wa upande ule huliliwa upande huu. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na katika vituo vya magari.

Ingawa nchi hiyo iko karibu mno na mstari wa Ikweta, haina joto la pwani. Ardhi yake imeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Joto la mchana aghalabu huwa kati ya digrii 27 na 31 za Selsiasi, na usiku hushuka hata mtu akahitaji shuka. Mgeni atokaye Mombasa atatafuta blanketi. Mgeni atokaye milima ya Kabale atavua koti. Mvua ni za misimu miwili: ile ndefu ianzayo mwezi wa Machi hadi Mei au Juni, na ile fupi ya kuanzia Septemba hadi Novemba. Kiangazi kikali ni cha Desemba hadi Februari. Kwa kuwa Ikweta iko jirani, urefu wa mchana haubadiliki sana. Mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro dakika chache, nalo huzama baada ya kama saa kumi na mbili.

Kwa hiyo mwananchi wa Sikuda ana mali ambayo watu wa nchi nyingine huitafuta kwa fedha nyingi. Ana asubuhi yenye baridi ndogo, mwanga wa kutosha na ardhi iliyonyeshewa, tena hayo huyapata karibu kila siku ya mwaka.

STAREHE ZISIZOHITAJI FEDHA

Yako mambo mengi ya kuburudisha mwili na roho katika nchi hiyo, na mengi hayamgharimu mtu hata shilingi moja. Mvua za kwanza zinapoanguka, kumbikumbi hutoka katika vichuguu, na hapo kijiji kizima hugeuka kuwa uwanja wa michezo. Watoto huchimba vishimo, huvifunika kwa majani au matambara, na hugonga ardhi kwa vijiti mfano wa matone ya mvua, ili wadudu hao watoke. Huliwa wabichi, hukaangwa, au hukaushwa na kutwangwa. Hiyo ni starehe na kitoweo kwa pamoja, na mtoto aliyekwenda kuwakamata hurudi nyumbani amejaa matope na furaha.

Baiskeli nayo ina historia yake hapo. Jina la boda boda, ambalo leo linatajwa katika kila mji wa Afrika Mashariki, lilizaliwa katika mpaka huu. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana walianza kuwapakia wasafiri nyuma ya baiskeli na kuwavusha kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, wakiita kwa Kiingereza cha njiani neno la mpaka. Pikipiki zilikuja baadaye. Hata hivyo baiskeli haijafa, na kijana akiiendesha asubuhi katika njia za udongo mwekundu anapata mazoezi ambayo daktari yeyote angemsifu.

Wazee wana starehe zao. Chini ya mwembe huchezwa bao, na penye sherehe ya Wateso husikika akogo, ile ala ya vyuma vidogo ipigwayo kwa vidole gumba. Pombe ya wimbi hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na mazungumzo huwa marefu kuliko mirija.

Kwa wale wapendao kutembea, Jabali la Tororo ndilo shabaha yao. Jabali hilo ni mabaki ya volkano ya kale. Udongo laini uliolizunguka ulikwisha kuliwa na mvua, likabaki jiwe gumu lililosimama kama kidole. Kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, yaani kama mita 300 juu ya mji ulio miguuni pake. Njia ya kupandia ni ya miguu, na penye mwinuko mkali zimewekwa ngazi. Siku isiyo na ukungu, aliyefika kileleni huona Mlima Elgon upande mmoja na mabonde yaelekeayo Ziwa Viktoria upande mwingine. Karibu na Busitema uko msitu wa hifadhi wa West Bugwe, wenye nyani na ndege wengi. Kusini kabisa mwa wilaya ya Busia iko Majanji, ufukoni mwa ziwa, ambako watu huenda kupunga upepo na kununua samaki.

Hayo yote ni mema, nayo yana sharti moja tu: yafanywe mapema. Apandaye jabali na aondoke alfajiri, awe amekwisha kushuka kabla ya adhuhuri. Ngazi ya chuma juu ya jiwe refu kuliko vyote si mahali pa kuwapo mtu wakati mbingu inaponguruma.

NGURUMO ZA TORORO

Katika miaka kumi kati ya 1967 na 1976, mji wa Tororo ulihesabiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Siku ya ngurumo ni siku ambayo ngurumo husikika angalau mara moja. Maana yake ni kwamba, katika kila siku tatu, mbili zilikuwa na ngurumo. Hesabu hiyo iliufanya mji huo mdogo utajwe katika vitabu vya rekodi za dunia.

Sababu yake inaeleweka. Kusini liko Ziwa Viktoria, lenye eneo la karibu kilomita za mraba 69,000. Kaskazini mashariki umesimama Mlima Elgon wenye urefu wa mita 4,321. Sikuda, Busia na Tororo ziko katikati. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, na hewa iliyo juu yake hupanda. Hewa yenye unyevu kutoka ziwani huvuma kuja nchi kavu ili kushika nafasi hiyo, nayo pia hupashwa moto na kupanda. Karibu na mlima husukumwa juu zaidi. Mawingu hujengeka hata kupita kilomita 10 kwenda juu, na vilele vyake hutanuka mfano wa fuawe ya mhunzi. Ndani yake chembe za barafu hugongana na kusuguana, na msuguano huo huzaa umeme. Umeme huo unapopasua hewa hadi ardhini ndipo tunapoiita radi. Joto la njia yake laweza kufika digrii 30,000, na hewa inayopanuka ghafula kwa joto hilo ndiyo ngurumo isikikayo.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, upepo huvuma kuelekea ziwani, na mawingu ya radi hukusanyika juu ya maji. Ndiyo maana mkulima huogopa alasiri, na mvuvi huogopa usiku wa manane. Tufani ina ratiba, na mama anayeanua muhogo amekwisha kuisoma.

JE, AJALI HAINA KINGA?

Wahenga walisema kuwa ajali haina kinga. Msemo huo ni wa kumfariji aliyefikwa, si wa kumzuia mtu asijilinde. Kuhusu radi, mambo yaliyotokea nchini Uganda yanafundisha vya kutosha.

Mwezi wa Juni 2011, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya katika wilaya ya Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18. Hao hawakuwa nje wakizurura, walikuwa shuleni. Mwezi wa Agosti 2020, karibu na mji wa Arua, watoto waliokuwa wakicheza mpira waliona mvua inakuja, wakakimbilia kibanda kilichokuwa jirani. Radi ikakipiga kibanda hicho, na watoto 10 wakapoteza maisha. Mwezi wa Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, watu 14 waliuawa wakiwa wamekusanyika kwa ibada.

Katika matukio hayo matatu liko fundisho moja ambalo kila mzazi anapaswa kulishika. Kujikinga na mvua si sawa na kujikinga na radi. Kibanda, darasa lenye sakafu ya udongo, au paa la bati lililowekwa juu ya miti huzuia maji tu. Radi ikipiga jengo la namna hiyo hutafuta njia ya kwenda ardhini, na isipopata njia ya chuma hupita katika miili ya watu. Tena haihitaji kumpiga mtu mwenyewe. Ikipiga mti, umeme husambaa ardhini pande zote, huingia kwa mguu mmoja na kutokea kwa mwingine. Hivyo ndivyo ng'ombe wengi wanavyokutwa wamekufa pamoja chini ya mti mmoja, na hivyo ndivyo darasa zima linavyoweza kuangushwa kwa pigo moja.

Wako watu wanaoamini kuwa radi hutumwa na adui. Katika nyumba nyingi vioo hufunikwa mvua inapokuja, na nguo nyekundu huvuliwa. Hofu hiyo yaeleweka, kwani jambo linaloua ghafula namna hiyo huifanya akili itafute mwenye kulaumiwa. Lakini imani hiyo ina madhara mawili. Kwanza humfanya jirani asiye na hatia atazamwe kwa jicho baya katika siku za msiba. Pili humfanya mtu afunike kioo kisha akae mlangoni, akiamini kuwa amejikinga. Radi haichagui rangi ya nguo wala haijui jina la mtu. Huvutwa na kitu kirefu, kilichochongoka na kilicho peke yake.

Kwamba kinga ipo ni jambo lililothibitishwa zamani. Baada ya Benjamin Franklin wa Marekani kufanya jaribio lake maarufu la kishada mwaka 1752, vikinga radi vilianza kuenea. Kikinga radi ni fimbo ya chuma juu ya paa, iliyounganishwa kwa waya mnene na chuma kilichozikwa ardhini, ili umeme upate njia yake. Katika nchi hiyo hiyo ya Marekani, miaka ya 1940 radi iliua watu mamia kila mwaka. Siku hizi huua watu kama 20 tu kwa mwaka, ingawa wakazi wameongezeka zaidi ya maradufu. Mbingu yao haikubadilika. Waliobadilika ni watu: wengi hawafanyi kazi tena mashambani, nyumba zao zina mabomba na nyaya zinazopeleka umeme ardhini, na wamefundishwa kuingia ndani mara wasikiapo ngurumo. Nchini Uganda shirika liitwalo ACLENet, lenye makao yake Kampala, limekuwa likifunga vikinga radi katika shule na kuwafundisha walimu na wanafunzi.

SAA KUMI UWANJANI

Hapo ndipo linaporudi swali la watoto. Katika shule nyingi ratiba ya michezo huwekwa mwisho wa masomo, yaani kuanzia saa kumi alasiri. Desturi hiyo ni ya zamani, na katika nchi nyingine haina ubaya. Katika nchi iliyo kati ya ziwa na Mlima Elgon, lakini, ni sawa na kuwaita watoto uwanjani katika saa ambayo mbingu ni ya hatari kuliko saa zote. Uwanja wa mpira ni mahali pa wazi, mtoto ndiye kitu kirefu kilichosimama hapo, na magoli ya chuma yako pande mbili.

Yatasemwa kwamba asubuhi ni ya hesabu na lugha, wakati ubongo bado haujachoka, na kwamba mitihani haina huruma. Hoja hiyo ina uzito, na mwalimu anayeitoa anafikiri mema ya wanafunzi wake. Lakini halitakiwi kila siku. Katika miezi ya mvua, vipindi viwili vya michezo vya asubuhi kwa juma vingetosha, na mashindano kati ya shule na shule yangewekwa Jumamosi kuanzia saa mbili. Mtoto aliyekimbia nusu saa katika hewa ya baridi hurudi darasani akiwa macho zaidi. Alasiri ingebaki kwa kusoma vitabu, ushonaji, kwaya na bao, kazi zinazofanyika chini ya paa. Badiliko hilo halihitaji fedha za serikali wala za mfadhili, bali kikao kimoja cha walimu na wazazi.

Kwa siku ambazo mchezo wa alasiri hauepukiki, iwepo sheria moja isiyobishaniwa hata kama timu imebakiza dakika moja kushinda: ngurumo ya kwanza ni filimbi ya mwisho. Umeme unapomulika, mtoto aliyefundishwa kuhesabu aanze: moja, mbili, tatu. Kila sekunde tatu kabla ya ngurumo ni kilomita moja hivi. Akisikia ngurumo kabla ya kufika thelathini, radi iko karibu kiasi cha kuua. Wachezaji wasirudi uwanjani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, kwa maana radi hupiga hata pale ambapo mvua imekoma na jua limeanza kutokeza.

Nao wakimbilie wapi? Hilo ndilo jambo gumu, na wazazi wasidanganywe. Jengo kubwa la matofali lenye nyaya za umeme na mabomba ni bora kuliko kibanda. Basi au gari lililofungwa vioo, lenye mwili wa chuma, ni salama kwa kuwa umeme hupita nje yake. Lakini shule nyingi za vijijini hazina jengo la namna hiyo. Kwa hiyo kamati ya shule inapopanga matumizi ya mwaka, jengo moja lenye kikinga radi, lililofungwa na fundi anayejua kazi yake, lihesabiwe pamoja na vyoo na maji. Chuma kilichowekwa juu ya paa pasipo kuunganishwa vizuri na ardhi ni hatari kuliko kutokuwa nacho.

MAMBO YA NYUMBANI

Kwa jamaa, haya yafuatayo ni ya kushikwa na kila mmoja, mkubwa kwa mdogo:

Muhogo unapoanuliwa, watoto nao waitwe. Mama asisubiri mvua. Wingu lililo jeusi chini na ngurumo ya mbali ni ishara ya kutosha.

Ndani ya nyumba, watu wakae mbali na milango, madirisha na kuta zenye nyaya. Redio na televisheni zichomolewe mapema, kabla tufani haijafika. Simu ya mkononi haiiti radi, bali simu iliyounganishwa na waya wa chaji isishikwe wakati huo.

Mti mmoja mrefu usiwe kimbilio kamwe. Nyumba ikihitaji kivuli, miti ipandwe kadhaa pamoja, isiachwe mmoja kusimama peke yake karibu na mlango.

Mwendesha baiskeli au boda boda ashuke, akiache chombo, na kuingia katika jengo imara. Mchungaji asikae katikati ya ng'ombe wala asiegemee ua wa waya. Anayeoga au kufua mtoni atoke majini.

Aliyekutwa mahali pa wazi pasipo jengo lolote ashuke kutoka penye mwinuko, aepuke miti iliyo peke yake, na abane miguu pamoja. Wakiwa wengi watawanyike, ili pigo moja lisiwaangushe wote na abaki wa kusaidia.

Mtu akipigwa, aguswe bila hofu. Mwili wake haubaki na umeme, na wengi wamekufa kwa sababu waliokuwapo waliogopa kuwashika. Si kila anayepigwa hufa. Moyo na pumzi huweza kusimama, navyo vyaweza kurudishwa. Kama hapumui, alazwe chali, viganja viwili viwekwe katikati ya kifua chake, na kifua kikandamizwe kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma mpaka apumue au msaada ufike. Aliyezinduka naye apelekwe hospitali, hata kama anasema hana maumivu, kwani radi huweza kudhuru masikio, macho na fahamu.

UWANJA WA KIJIJI

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni la viongozi na wananchi kwa pamoja. Michezo ya asubuhi inahitaji mahali. Nchi ya mpakani inabadilika upesi. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, abiria na mizigo ya nchi mbili hukaguliwa katika kituo kimoja, na mji unaozunguka biashara hiyo unazidi kuhitaji viwanja vya kujengea. Dhahabu nayo, inayochimbwa katika maeneo ya Tiira tangu miaka ya 1930, imeacha mashimo ambayo mvua huyajaza maji, nayo yakawa mtego kwa watoto. Ardhi tupu iliyo katikati ya kijiji huonekana kama ardhi isiyo na kazi. Kumbe ndiyo ardhi pekee ambapo mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri hucheza mpira mmoja. Ikiisha kuuzwa, haitarudi.

Basi uwanja wa kijiji upimwe na kuandikwa, mashimo yafukiwe au yazungushiwe ua, na miti ya kivuli ipandwe kwa makundi, mbali na mstari wa mpira. Asubuhi uwanja huo uwe wa watoto na vijana. Alasiri ya mvua uachwe mtupu, bila mtu wala ng'ombe.

Hewa ya Sikuda ni njema, na hakuna sababu ya mtu kuihama kwa kuogopa ngurumo. Wazee walioishi hapo miaka mingi walijifunza kuanika kwa wakati na kuanua kwa wakati, wakala ugali mwaka mzima. Hekima hiyo haihitaji kubadilishwa. Inahitaji kupanuliwa tu, ili saa nane inapokaribia na wingu linapoanza kuvimba upande wa ziwa, sauti ya mama isiishie uani kwenye jamvi la muhogo, bali ifike mpaka uwanjani.